TUJIFUNZE KUBADILI CHUJIO LA MASHINE YETU

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Nyabibuye,

Juzi mashine yetu ya kusaga ilinyamaza siku 4. Akina mama walijitwika mahindi na mihogo mikavu kwenda kusaga mbali, wakarudi giza limeingia. Wengine walirudia kinu. Maneno nayo yakaanza: eti injini imekufa, eti fedha za mashine zimeliwa.

Injini haikufa. Chujio la dizeli, lile mafundi wanaloita filta, lilikuwa limeziba. Dalili tuliziona mapema: mahindi yakiingia injini inakosa nguvu, inakohoa, inazimika. Tukanyamaza. Fundi aliyetoka mjini alibadili chujio kwa muda mfupi tu, lakini nauli, chakula na ujira vilipita mbali bei ya chujio lenyewe. Hapo kosa ni letu sote, na sisi viongozi tumo.

Wapo ndugu wanaosema, "Mashine ni ya fundi, mkulima ashike jembe." Hatukubaliani nao. Mbona mpini wa jembe ukilegea hatuiti fundi? Pampu na nozeli zikiharibika, sawa, aitwe. Chujio ni kazi yetu.

Kazi yenyewe ni hii. Zima injini, ipoe. Usivute sigara hapo. Funga koki ya tangi. Futa vumbi la unga kuzunguka chujio kwa kitambaa safi. Kinga bakuli chini, fungua, toa chujio kuukuu, na uangalie mpira wake usibaki umeganda juu. Weka jipya na mpira mpya, kaza bila kutumia ubabe. Fungua koki. Kisha toa upepo: legeza skrubu yake, mafuta yatoke mpaka mapovu yaishe, ndipo ukaze. Hapa wengi hukwama, wakadhani injini imeharibika, kumbe imemeza upepo. Na chujio la karatasi halioshwi, jamani. Likichakaa linatupwa.

Lakini chujio halizibi lenyewe. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji na taka hukaa chini ya pipa. Pipa likiachwa wazi masika, tunanunua mafuta na mvua tunawapa injini. Pipa lifunikwe, litulie kabla ya kuchota, na mafuta ya chini kabisa yasiingie kwenye tangi.

Tunapendekeza mkutano ukubali mambo 3. Kwanza, wafundishwe watu 4, wawili kati yao akina mama, maana wao ndio wanaoumia mashine ikilala. Pili, machujio 2 ya akiba yakae stoo, na risiti zibandikwe hapa ukutani ili maneno ya fedha yaishe. Tatu, liwepo daftari la saa za kazi za injini na tarehe ya kila chujio, tubadili kwa wakati kitabu cha injini kinavyoagiza.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua faida yake. Kila chujio lina namba. Ukiikosea dukani, halikai. Basi kalamu tuliyoishika usiku darasani leo ifanye kazi kwenye mashine.

Kujitegemea si kuimba. Ni kushika spana.

Katibu wa Tawi,
Nyabibuye.