Kahawa Yetu Haikosi Semina, Inakosa Mnunuzi Anayelipa

Nimekaa katika semina tatu za biashara ndogo. Nimepewa daftari tatu, kalamu tatu, na cheti kimoja ambacho mchwa wameanza kukionja. Kila semina ilinifundisha yale yale: tabasamu kwa mteja, pamba kantemba yako, ongeza aina za vyakula, andika mpango wa biashara. Na kila semina, saa nne ya asubuhi, chai ilikuja na gari kutoka mjini. Chupa kubwa za chai, maziwa, mikate imefungwa vizuri ndani ya karatasi. Sisi wauza kahawa na chai tulikuwa kumi na wawili pale ndani. Tulikunywa chai ya mtu wa mjini huku tunafundishwa namna ya kupata wateja.

Sikusema kitu siku ile, sababu chai ilikuwa ya bure na njaa haina heshima. Leo nasema.

Simchukii mwalimu. Alikuwa kijana mwenye adabu, alituita mama na baba, na kazi yake aliifanya. Ninachokataa ni ile hadithi iliyo chini ya semina zote: kwamba biashara ya mkimbizi inakufa kwa kukosa akili. Nimeuza kahawa tangu tukiwa Kenani, kabla serikali haijatufungulia Mantapala mwaka 2018. Nimeona kantemba nyingi zikizaliwa na kufa katika soko letu. Hakuna hata moja iliyokufa sababu mwenyewe hakutabasamu.

Tuanze na hesabu, sababu wengi wetu hatuifanyi, na hapo semina ina haki.

Siku nzuri ya mwezi wa sita, wakati baridi ya asubuhi inasukuma watu kwenye mbabula yangu, nauza vikombe 40 kwa kwacha 5. Zinaingia kwacha 200. Maziwa ya unga yanakula 40. Kahawa ya kopo 24. Sukari 21, sababu mtu wetu anataka vijiko vitatu na anakuangalia machoni mpaka umtie. Makala 15. Maji na sabuni 10. Jumla 110. Inabaki 90. Si mbaya, eh?

Angalia tena. Katika zile 110, maziwa na sukari ni 61, na kahawa yenyewe ni 24 tu. Maana yake mimi nauza maziwa na sukari, kahawa ni rangi. Na ile kahawa ya kopo tunayoipenda, Ricoffy na ndugu zake, ndani yake kuna pia chikori, mzizi uliokaangwa. Sisemi ni mbaya. Nasema tunalipa bei ya kahawa kwa kitu ambacho si kahawa yote.

Sasa linganisha na Zanzibar. Pale Jaws Corner, mji mkongwe, muuza kahawa anakaa na dele, lile birika la shaba lenye moto wa makala chini yake. Kahawa ni ya kuchemsha, chungu, bila maziwa, bila sukari. Kikombe ni kidogo, kinajaa kiganja. Anayetaka utamu ananunua kashata, na kashata ina bei yake. Fikiria akili iliyo pale: utamu unauzwa peke yake. Mteja anakaa kwenye baraza, anacheza bao, anabishana siasa, anarudia vikombe vitatu. Muuzaji yule hakuongeza aina kumi za vyakula. Aliondoa kitu kinachokula faida yake, akaacha watu na maneno yao vifanye kazi ya kuwaleta wengine.

Mtaniambia: sisi si Waswahili wa pwani, sisi ni watu wa Pweto, wa Moba, wa Manono, tunapenda kitu cha maziwa. Sawa. Lakini msiniambie kahawa ni ya wageni. Hilo jina robusta ambalo dunia nzima inalitaja lilianza kwa kahawa iliyotoka upande wa mto Lomami, kwetu Kongo, ambayo Wabelgiji walianza kuiuza kama miche karibu na mwaka 1900. Na hapa Zambia kahawa inalimwa Kasama, kwenye mashamba kama Kateshi, upande huu huu wa kaskazini. Sehemu kubwa inapandishwa gari inaenda nje ya nchi, na sisi tunanunua kopo lililotoka mbali zaidi kuliko Kasama.

Kilo moja ya kahawa mbichi ukiikaanga inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya uzito. Inabaki ya kutosha vikombe 80 ukipima gramu kumi kila kikombe, na zaidi ukitumia vikombe vidogo. Wamama wa Ethiopia wanaikaanga mbele ya mgeni, na harufu yenyewe inaita jirani. Tangawizi ipo sokoni. Mbabula ipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja kati yetu kwenda kununua kilo ishirini kwa niaba ya kumi. Na hapo ndipo hadithi ya akili inaishia na hadithi ya geti inaanza.

Maana ili niende kununua kwa bei ya jumla, Kashikishi tu hapa karibu, achana na Kasama, sherti nipate karatasi ya kutoka. Zambia ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1969 iliweka kizuizi kwenye kifungu cha 26, kile cha uhuru wa kutembea, na mpaka leo tunaishi ndani ya kizuizi hicho. Najua serikali ina sababu zake, na najua nchi hii ilitupokea wakati nyumba zetu zinaungua. Shukrani yangu ni ya kweli. Lakini siku ninayongoja karatasi ni siku ambayo mbabula imelala. Nikiikosa, nanunua sukari kwa mwenye duka wa hapa ndani, na yeye anaongeza gharama ya gari lake, ya karatasi yake na ya kungoja kwake. Hayo yote yanaingia katika kikombe cha kwacha 5. Hakuna tabasamu linaloyatoa.

Sasa niwageukie ndugu zangu, sababu nisipowasema nitakuwa mwoga.

Nkongole inatuua. «Mama, unipatie kopo moja, nitalipa feza za mgao zikiingia.» «Yaya, kwani hautujui?» Ninawajua, ndiyo maana naogopa. Rudi kwenye hesabu yangu. Faida ya kikombe ni kwacha 2 na ngwee 25. Kikombe kimoja kisicholipwa kinafuta faida ya vikombe zaidi ya viwili. Siku nikitoa vikombe 12 kwa deni, kwacha 60 zinabaki midomoni mwa watu, na ile faida ya 90 inakuwa 30. Na hizo 30 watoto wanazingoja nyumbani.

Najua watu hawakopi kwa ubaya wa roho. Mgao ukichelewa, soko zima linachelewa. Na mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, uvuvi unapofungwa Mweru, hata ndugu zetu wa Nchelenge wanakuja sokoni na mikono mitupu. Lakini niseme ukweli: anayekopa akashindwa ni mama mwenye watoto, na huyo analipa kidogo kidogo mpaka anamaliza. Mgumu kulipa ni mkubwa. Mwenye cheo kwenye kamati, mwenye cheo kanisani, yule ambaye ukimdai watu watasema hauna adabu. Wakubwa, nawasalimu kwa heshima zote: lipeni kahawa.

Na sisi wauzaji tuache wivu wa macho. Mmoja akianza kuuza chai na mikate, kesho kuna watano mstari mmoja, chai ile ile, mikate ile ile, bei ikishuka mpaka hakuna anayekula. Mmoja akaange kahawa, mwingine afanye mikate tu na kutuuzia wote, mwingine auze uji kwa wanaokwenda shamba alfajiri. Tuna chilimba ya kuchangiana feza. Kwa nini hatuna chilimba ya kununua sukari gunia zima?

Hayo ni yetu, tutayabeba. Lakini sasa nisikilizeni ninyi wenye magari.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai hapa Mantapala ni mikutano yenu. Kila wiki kuna kikao, kuna mafunzo, kuna kamati, kuna wageni. Kila kikao kina chai. Mngenunua chai hiyo hapa ndani, msingehitaji kutufundisha kutafuta soko.

Mnaniambia: kuna suala la usafi. Njooni mkague. Leteni mtu wa afya aangalie maji yangu, vikombe vyangu, kucha zangu. Asiyefaa aondolewe, nitakubali hata nikiwa mimi. Lakini wengi wenu mnakunywa kahawa kwangu asubuhi kabla ya kuingia kikaoni, na sijasikia mmeumwa tumbo.

Mnaniambia: kuna taratibu, tunahitaji karatasi ya PACRA, namba ya ZRA, risiti. Sawa, feza za watu zina masharti. Basi katika siku tatu za semina, chukueni moja mtusaidie na karatasi hizo. Hiyo ndiyo semina nitakayokuja hata bila chai.

Na kuna jambo la tatu, hili linaniuma. Mara moja nilipewa kazi hiyo. Watu 60, siku mbili, chai na mikate asubuhi. Nililia kwa furaha. Nilichukua zamu yangu ya chilimba mapema, nikakopa maziwa, nikaajiri wamama wawili. Watu walikunywa, walisifu. Kisha nikaambiwa ningoje malipo. Nilingoja wiki kumi na moja. Wiki ya nne wamama walianza kunipita njiani bila salamu. Wiki ya saba niliuza birika langu kubwa. Feza zilipokuja zilikuwa kamili, hakuna aliyeniibia hata ngwee, na aliyenipa alitabasamu. Lakini biashara ilikuwa imekwisha kufa, nikaanza upya na sufuria ya nyumbani. Shirika kubwa linaweza kungoja wiki kumi na moja. Mwenye mtaji wa kwacha 300 hawezi kungoja hata mbili. Ile nilikuwa nawakopesha mimi, mkimbizi, bila riba.

Msiseme haiwezekani. Kule Kakuma, Kenya, tangu mwaka 2015 WFP iliamua sehemu ya chakula isije tena kwa lori, bali mtu apewe thamani yake kwenye simu, mpango wa Bamba Chakula, akanunue kwa wenye maduka walioandikishwa, na wakimbizi wakiwemo. Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitoa ripoti yake: Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000, na uchumi wake ni karibu shilingi bilioni 6 za Kenya kwa mwaka. Kakuma ni kubwa kuliko sisi na ni ya zamani kuliko sisi, sikatai. Lakini maduka hayo hayakukuzwa na semina. Yalikuzwa na feza iliyopita ndani yake.

Ninachoomba kinatosha kwenye kipande cha karatasi. Chai ya kila kikao kinachofanyika Mantapala inunuliwe Mantapala. Nusu ilipwe kabla, nusu siku ile ile, kwa simu. Wauzaji wapewe karatasi ya kutoka ya miezi, si ya siku. Na sisi, tuache kuigana, tununue pamoja, na kila mtu awe na deni la kikombe kimoja tu, asipewe cha pili mpaka alipe cha kwanza. Hata mimi nitaandikwa kwenye daftari hilo. Ninazo tatu, zote bado nyeupe.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulishika zamani. Mbabula inawaka kila asubuhi kabla ya jua, upande wa chini wa soko. Kikombe ni kwacha 5, na leo tunalipa kabla ya kunywa.