Kabla ya Kuipa Pikapu Injini Mpya, Ifundishe Kusimama

Wasee, wacha niseme hii kitu hata kama itaniharibia jina na mabeshte wangu wa magari: ukifufua pikapu ya zamani nyumbani, injini ndiyo kitu ya mwisho kununua. Si ya kwanza. Ya mwisho kabisa.

Najua hiyo si venye tunafanya. Venye tunafanya ni hivi. Mtu anapata Datsun 1200 ama Peugeot 504 imelala kwa nyasi nyuma ya boma, kuku wanataga mayai kwa kiti cha dereva. Kabla hata hajawatoa hao kuku, ashafika Kirinyaga Road, ashalipia injini kutoka Japani, na jioni video iko TikTok. Miezi kadhaa baadaye injini inanguruma, laiki zinamiminika, na pikapu bado ina breki zile zile ilizotoka nazo kiwandani wakati wazazi wetu walikuwa watoto.

Hakuna mtu huposti breki. Breki hazina sauti tamu.

Sasa, nisieleweke vibaya. Siko upande wa wale wanaosema gari nzee lazima iachwe na injini yake orijino, ingawa nawaheshimu na hoja yao ina uzito. A12, ile injini ya Datsun 1200, ni cc 1171, ina kabureta, haina kompyuta, na fundi aliyeizoea anaweza kuiamsha kando ya barabara na spana 3 na kipande cha waya. Kama ya kwako bado ni nzima, na pikapu ni ya kwenda kanisani na kurudi, ifanyie sevisi na uachane na mimi. Na nawaelewa kwa mapenzi pia. Datsun ilishinda Safari Rally 1970, 1971 na 1973, na Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Mzee aliyesimama kando ya barabara akiwa mdogo akiona hizo gari zikipita na vumbi hawezi kukuruhusu uziguse ovyo.

Lakini kabureta ina shida moja ambayo Kenya inaianika vizuri. Kabureta hupima petroli kwa vitundu vyenye ukubwa usiobadilika. Ukiwa Mombasa, pale chini baharini, hewa ni nzito. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na Limuru imepita mita 2,000. Hewa imekuwa nyepesi lakini vitundu ni vile vile. Petroli inazidi hewa, moshi mweusi unatoka, plagi zinashika masizi, na wewe unalipia mafuta ambayo hayakusukumi popote. Injini ya kisasa ina sensa zinazopima hewa inayoingia na moshi unaotoka, halafu kompyuta inarekebisha petroli yenyewe, kila wakati, bila kuita fundi. Na siku hizi nani ana mafuta ya kumwaga? Septemba 2023 petroli ilifika shilingi 211.64 kwa lita hapa Nairobi, na kila tarehe 14 ya mwezi bado tunangoja tangazo la EPRA kama matokeo ya KCSE.

Kwa hivyo ndiyo, badilisha injini. Ugomvi wangu ni mpangilio.

Tufanye hesabu. A12 ikiwa mpya ilitoa takriban nguvu za farasi 68. Hiyo pikapu yenyewe ina uzito wa kilo 700 hivi ikiwa tupu. Breki, difu, springi za nyuma, usukani, vyote vilichorwa na watu waliojua ni farasi 68 watakaovuta. Halafu kuna huyu msee kila kikao anasema, "Weka 1JZ ya taabo." 1JZ-GTE ilitoka kiwandani na farasi 280. Hiyo ni mara 4 na zaidi. Difu ya Datsun haikuwahi kuambiwa hiyo habari.

Na hata ukiweka injini ya kiasi, bado mwendo utaongezeka. Fizikia ya Fomu Tatu, ile tulikuwa tunaisinzia baada ya lanchi: mwendo ukizidi mara 2, nishati inazidi mara 4. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, breki zako hazibebi kazi mara 2. Zinabeba mara 4. Datsun 1200 nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma, na dramu hufungia joto ndani. Teremka nayo Mai Mahiu ukiwa umeshika breki njia yote, joto likipanda breki inaanza kupotea. Unakanyaga, pedali iko, lakini gari haisikii. Wale wamewahi kuteremka ile barabara nyuma ya lori linalonuka breki wanajua hiyo harufu.

Ongeza hapo kitu ya pikapu yenyewe. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga breki kwa nguvu mvua ikinyesha, magurudumu ya nyuma yanafunga mapema na mkia unataka kukupita. Ikiwa imejaa, kila kitu kinabadilika tena. Na pikapu zetu hujaa. Tuseme ukweli: hizi gari hubeba kabeji asubuhi, na Jumamosi zinabeba watu wa mazishi. Hao watu wa nyuma hawakuchagua injini yako.

Hii maneno inanihusu. Datsun 1200 ya guka iko kwa boma, Kiambu, na mpango wa familia ni irudi kazini kupeleka mboga Marikiti. Atakayeiendesha ni mamangu, saa kumi alfajiri, giza bado. Kila mara ndugu yangu akiniuliza tutaweka injini gani, mimi namuuliza mama atasimama vipi matatu ikimkatia pale Muthaiga bila indiketa. Hiyo ndiyo injini ya hii mazungumzo.

Basi mpangilio wangu ni huu.

Anza na kutu. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga sakafu, gonga mahali springi zinashikilia, gonga chini ya betri. Mahali bisibisi inaingia kama kwa ugali, hapo hakuna chuma. Usikubali mtu akuzibie na filla kisha apige rangi. Filla ni ya kulainisha uso wa bodi, haibebi uzito. Kata, weka bati jipya, chomelea. Kama mfupa wenyewe umeoza kila mahali, kubali pikapu imekufa na utoe spea. Hakuna injini itafufua kutu.

Halafu breki. Mipira ya breki ya zamani huoza kutoka ndani, nje ikionekana poa, kwa hivyo toa yote. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na hayo maji yanachemka breki zikipata moto, kwa hivyo mwaga yote. Kama gari yako ina masta silinda ya saketi moja, badilisha iwe ya saketi mbili, juu ile ya zamani bomba moja likivuja umepoteza breki zote kwa pamoja. Weka diski mbele. Angalia tairi: ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Tairi ya 1809 ni ya 2009, hata kama ina meno mazuri namna gani. Weka mishipi, ya dereva na ya abiria.

Ni baada ya hapo ndio tunaongea injini. Na hapa ushauri wangu utawakera wengi: chagua injini isiyo na sifa. Ile haina wimbo, haina fulana, lakini kila duka la spea linaijua.

Watu wengi hukimbilia 1NZ, ya Probox na Fielder, juu iko kila mahali. Shida ni hiyo injini imelala kwa upana, inazungusha magurudumu ya mbele. Datsun inataka injini iliyolala kwa urefu, na giaboksi nyuma yake, na propela hadi difu. Ukinunua 1NZ umenunua pia kazi ya kutafuta giaboksi itakayoishika. Tafuta badala yake injini iliyozaliwa ikisukuma magurudumu ya nyuma. Mfano ni 3SZ-VE ya Toyota Rush ya kwanza, cc 1495, farasi zaidi ya 100 hivi. Kwa gari ya kilo 700 hiyo inatosha na inabaki. Hata hivyo pima mara 3 kabla ya kulipa: sampu itapita juu ya msalaba wa mbele? Mikono ya injini itakaa wapi? Propela itakatwa kiasi gani?

Na usinunue injini pekee. Nunua nusu ya mbele ya gari moja, upate injini, giaboksi, waya zote, kompyuta, pedali ya mafuta na hata ufunguo, juu kompyuta zingine haziwashi gari bila ufunguo zinaoutambua. Waya zilizokatwa kutoka gari 3 tofauti ndizo zimefanya pikapu nyingi zikae uani miaka miwili zikingoja mtu wa umeme ambaye hashiki simu.

Usisahau pia bomba za petroli. Injini ya kompyuta inataka petroli kwa presha karibu mara 10 ya ile kabureta ilikuwa inapata. Ukitumia mipira ya zamani, umejenga jiko chini ya mguu wako.

Kisha kuna karatasi, ile sehemu hakuna mtu anataka kusikia. Logbuku yako ina nambari ya injini. Ukibadilisha injini, hiyo nambari imekuwa uongo. Unafaa kupeleka mabadiliko NTSA, gari ikaguliwe, na uwe na risiti pamoja na karatasi za forodha za hiyo injini. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa na hakuna karatasi, jiulize ilitoka kwa gari ya nani. Na siku ya ajali, kampuni ya bima itafungua boneti kabla ya kufungua pochi. Hapo ndio utajua kama ulikuwa na bima ama ulikuwa na stika tu.

Mtu atasema, "Sasa si umeua raha yote?" Hapana. Nasema fanya nyumbani, na fanya kwa mikono yako. Sheria zetu zinazuia kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo hizi pikapu za zamani zilizobaki kwa mashamba yetu ndizo hizo. Kila moja inayopimwa kwa kilo na kuyeyushwa haitarudi. Na elimu utakayopata ukifungua breki moja mwenyewe, uone jinsi mguu wako unasukuma mafuta na mafuta yanasukuma chuma, ni kubwa kuliko kuangalia video 100 za watu wa nje.

Lakini nyumbani kuna mipaka. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki pekee, weka stendi. Usining'inize injini kwa kenchi za nyumba ya mama; kodisha kreni siku moja. Oili chafu usiimwage kwa shamba la sukuma wiki. Kuchomelea mahali pa usukani na springi, mwachie mtu ambaye amefanya hiyo kazi miaka. Mwite mzee wa jua kali, mlipe haki yake, umwite fundi kwa heshima, ushike tochi na uulize maswali. Wengi wao hufurahi kuulizwa, na wanaojua hizi gari kwa kweli wanazidi kupungua.

Kama una laki moja leo, usiibebe yote kwa injini. Weka nusu kwa kutu, breki, usukani na tairi. Ikibaki kidogo ya injini, ngoja. Pikapu imelala miaka 20, haitakasirika ikilala miezi 6 zaidi.

Kwa hivyo changamoto yangu kwa wote mnaojenga kitu uani saa hii ni moja. Video ya injini ikinguruma tushaiona, tena na tena. Jaza pikapu magunia, iendeshe mahali hakuna watu, kanyaga breki, na urekodi hiyo. Nionyesheni pikapu ikisimama.