Tusidanganywe na meno ya tairi

Wahenga walinena kwamba rahisi inavunja upishi. Methali hiyo nimewafafanulia wanafunzi wangu kwa miaka mingi, muundo wake na maana yake, lakini sikuielewa barabara hadi siku nilipokwenda kununua matairi ya pikapu.

Pikapu yenyewe ni ya familia yetu, nayo huendeshwa na ndugu yangu mdogo kule Trans Nzoia. Hubeba mbolea wakati wa kupanda, mahindi wakati wa mavuno, na wagonjwa wakati wowote. Mwaka 2021 matairi yake ya nyuma yalikuwa yamekuwa vipara, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Nairobi, ndugu yangu aliniomba nimtafutie mengine. Katika duka moja muuzaji alinionyesha matairi mawili yaliyoondolewa kwenye gari ng'ambo. Yalikuwa yamepakwa rangi yakawa meusi ti, na meno yake yalikuwa marefu. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile ya matairi mapya. Nilipouliza kama yanaifaa pikapu, nilijibiwa hivi: "Mzee, rimu ni inchi 14 na tairi ni inchi 14. Sasa wataka nini tena?" Nikalipa, nikaondoka nikijiona mjanja.

Miezi mitatu baadaye, moja la matairi hayo lilipasuka pikapu ikiwa imebeba magunia 10 ya mahindi. Ndugu yangu alitoka salama. Kijana wa kupakia mizigo, aliyekuwa ameketi juu ya magunia, alitupwa mtaroni na mguu wake haujanyooka hadi leo. Nilipofika nyumbani nilichuchumaa kando ya tairi lililosalia, nikausoma ubavu wake kwa mara ya kwanza. Kila nilichohitaji kujua kilikuwa kimeandikwa pale. Mimi niliyepewa shahada ya uzamifu kwa sababu ya kuchunguza lugha sikuwa nimekisoma.

Kwa hakika, tairi lina lugha yake, nayo si ngumu. Pikapu yetu ilitoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 195R14C, kisha 8PR, kisha 106/104. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita. R ina maana kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa rediali. Tarakimu 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na C hutambulisha tairi la gari la biashara, yaani la kubebea mizigo. Nililonunua mimi liliandikwa 195/70R14, na mbele yake 91. Upana ni ule ule na rimu ni ile ile. Muuzaji hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli tu.

Nusu iliyobaki imo katika zile tarakimu za mwisho, ambazo ni kipimo cha mzigo. Si kilo zenyewe bali ni alama inayosimamia kilo, na kila alama ina uzito wake uliokubaliwa kimataifa. Alama 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Alama 106 ni kilo 950. (Ile 104, ambayo ni kilo 900, hutumika pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja.) Tofauti ni kilo 335 kwa kila tairi, au kilo 670 kwa ekseli nzima ya nyuma. Kwa lugha ya mkulima, hayo ni zaidi ya magunia saba ya kilo 90. Matairi niliyonunua yaliweza kubeba kilo 1,230 kwa pamoja. Magunia 10 ni kilo 900, na sehemu kubwa ya uzito huo huangukia nyuma. Ongeza uzito wa pikapu yenyewe, ongeza na kijana aliyeketi juu, kisha piga hesabu.

Alama ya pili niliyoipuuza ni ile ya umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi letu liliandikwa 3714, maana yake lilitengenezwa katika wiki ya 37 ya mwaka 2014. Lilikuwa limekaribia miaka saba siku niliyolinunua. Mpira huzeeka hata usipotembea, kwa kuwa hewa na joto huufanya ukakamae na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji kadhaa hushauri kwamba tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likitimiza miaka 10 hata kama meno yake ni mazima. Meno hutueleza jinsi tairi lilivyotumika. Hayatuelezi lilizaliwa lini wala lina nguvu kiasi gani.

Kuhusu zile herufi PR, wauzaji wengi hupenda kusema kwamba hili ni tairi la "plai nane", kana kwamba lina matabaka manane ndani. Zamani ndivyo ilivyokuwa, nyuzi zilipokuwa za pamba. Nyuzi za leo zina nguvu zaidi, na tairi la 8PR huenda likawa na matabaka machache tu. Neno limebaki, maana imehama. Wanaisimu tumezoea jambo hilo, lakini sokoni humpoteza mnunuzi. Ni salama kutazama kile kipimo cha mzigo.

Fauka ya hayo, kipimo hicho huwa cha kweli pale tu tairi linapojazwa upepo inavyotakiwa. Tairi lenye upepo mchache na mzigo mzito hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa joto. Joto ndilo linalobandua meno kutoka kwenye mikanda ya chuma iliyo ndani. Wamarekani walijifunza hayo kwa machozi. Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer, baada ya meno kubanduka barabarani na kusababisha vifo vingi. Kampuni hizo mbili zililaumiana kuhusu tairi, gari na kiasi cha upepo. Mwaka uo huo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya ya usalama wa matairi.

Sisi je? Tulikuwa na kiwanda chetu Nairobi, kilichoanza kwa jina la Firestone East Africa na baadaye kikawa Sameer Africa, chenye matairi ya Yana ambayo madereva wengi waliyajua kwa jina. Kilikoma kutengeneza matairi mwaka 2016. Leo matairi mengi yanayopangwa madukani hutoka nchi za mbali, mapya kwa yaliyotumika, na majina yake hubadilika kila msimu. Jina halitoshi tena kumwongoza mnunuzi. Kinachobaki kuwa kimoja katika matairi yote ni zile alama za ubavuni, ambazo wanunuzi wengi hawajafunzwa kuzisoma.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaomba wakubwa wanisikilize. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa hiyo kikamilifu. Kifungu cha 7 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Viunganishe vifungu hivyo viwili na maana yake ni bayana: mkulima anayenunua tairi ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba litabeba kilo ngapi na lilitengenezwa lini.

Kwa hivyo, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, wawaagize wauzaji wote wabandike kadi kwenye kila tairi. Kadi hiyo iwe na mistari mitatu ya Kiswahili: uzito kwa kilo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na aina ya gari linalofaa. Kazi hiyo haihitaji mtambo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji kalamu na uaminifu.

Najua kuna watakaosema kwamba maskini hana uwezo wa kuchagua, na kwamba kadi haitamwongezea fedha mfukoni. Hoja hiyo ina uzito, nami siibezi. Hata hivyo, asiye na fedha za tairi la kilo 950 akijua kwamba lake ni la kilo 615, ataweza kupunguza magunia na kwenda safari mbili. Asiyejua hana hata hiari hiyo. Umaskini humnyima mtu vitu vingi, lakini si sababu ya kumnyima maelezo ambayo tayari yameandikwa.

Wakati tukingoja serikali, kila mwenye pikapu na aanze na lake. Tazama kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, au kitabu cha gari, ujue ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo kinachotakiwa. Usikubali kipimo cha mzigo kilicho chini ya kile. Soma zile tarakimu nne. Usichanganye matairi ya aina mbili kwenye ekseli moja. Ikiwa unanunua mawili tu, yafunge nyuma, kinyume cha mazoea ya wengi, kwa maana matairi ya nyuma yakiteleza kwenye matope au lami iliyolowa, gari hugeuka kabla dereva hajajua la kufanya. Wala usilisahau tairi la akiba, ambalo huzeeka kimya kimya chini ya gari.

Tulipomtembelea yule kijana, mamake alitukaribisha chai, na hakunilaumu. Aliniuliza tu kama sikujua kwamba matairi yale hayakuwa ya mzigo. Nilimjibu kwamba sikujua, na lilikuwa jibu la kweli. Lakini liliandikwa, nami najua kusoma.