KWANI MAHJUB BIN ADAM ALIKUWA MYAHUDI?



Ndugu zangu katika imani, juzi niliweka hapa picha niliyopigwa na rafiki yangu tukiwa safarini, kwenye kumbukumbu ya kambi ya mateso ya Sachsenhausen, mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Siku mbili sasa natukanwa. Mmoja kaandika, "Sheikh umenunuliwa." Mwingine, "Mauaji ya Mayahudi ni hadithi za kutunga." Na kijana mmoja wa darsa zangu kauliza, "Hayo yanatuhusu nini watu wa Issenye?" Leo nawajibu wote, na siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Naanza na wewe unayesema ni uongo. Kambi ile ilianzishwa 1936, na hadi 1945 walifungwa humo watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1941 mateka wa jeshi la Kisovieti wasiopungua 10,000 waliuawa humo kwa wiki chache tu. Mateka anaambiwa anapimwa urefu, anasimama kwenye kipimo ukutani, kumbe nyuma ya shingo yake kuna tundu na mtu mwenye bunduki. Na jeshi lile lilijaa Waislamu, Wauzbeki, Watatari na wengineo. Hao nao unawakana?

Mayahudi waliouawa Ulaya nzima ni kama milioni 6. Unataka ushahidi? Katika fiqhi yetu, ikrari ya mtu mwenyewe ni hoja nzito. Rudolf Höss, aliyefanya kazi Sachsenhausen kabla ya kupewa ukuu wa kambi ya Auschwitz, alisimama mahakamani Nuremberg mwaka 1946 akaeleza alivyoua. Muuaji amekiri, wewe uliyezaliwa miaka mingi baadaye unamtetea kwa simu ya mkononi!

Najua kinachowauma ni Gaza. Na mimi inaniuma, na waumini wanaoswali nyuma yangu wanajua qunuti zetu. Lakini Suratul Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki yetu kwa watu. Haikuweka "isipokuwa". Mtoto wa Gaza hafaidiki chochote na uongo wako. Anayewaua anafurahi akikusikia, kwa sababu umempa la kusema: waoneni Waislamu, hawana ukweli.

Jeneza la Myahudi lilipita mbele ya Mtume (s.a.w.), akasimama. Walipomwambia ni la Myahudi, akawauliza kama ile haikuwa nafsi. Imo katika Bukhari na Muslim. Basi mimi niliposimama Sachsenhausen nilimwiga nani, Mzayuni au Mtume wangu?

(Waliokuwa wanajipiga picha za kucheka getini pale niliwaona, na sikupendezwa. Mtume alipopita Hijr, makazi ya Thamud, aliwakataza masahaba kuingia ila wakiwa wanalia.)

Sasa kijana wangu wa darsa. Yanatuhusu nini? Mahjub bin Adam alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani. Vita vya 1914 vilipoanza, baba na mwana wakawa askari wa Mjerumani, naye ana miaka kumi. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa. Wakamnyima. Akaishi huko huko, akawahudumia watu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu zao. Agosti 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakamtia Sachsenhausen bila kesi. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Nawajua, mtaandika kwamba alikuwa na mke na alikwenda nje ya ndoa. Hilo ni baina yake na Mola wake. Ila msiwasingizie Manazi kwamba walikuwa wanalinda sharia! Mjerumani mweupe mwenye hawara hakupelekwa kambini. Waliyemshitaki pale ni ngozi ya Mahjub.

Na hawakuanzia Berlin. Namibia, kati ya 1904 na 1908, Waherero na Wanama walifungiwa katika kambi za Mjerumani na kufa kwa maelfu, Hitler akiwa bado kijana asiyejulikana. Hapa kwetu, magofu ya ngome yao yako Ikoma, wengi wenu mmepita hapo mkienda mbugani. Hamsa ishirini, viboko 25, wazee wetu waliijua kwa migongo yao. Mkono uliowachapa ndio uliofunga geti la Sachsenhausen, halafu wewe mjukuu wao unauliza yanakuhusu nini.

Ndugu zetu mlioko Berlin, nendeni Brunnenstrasse namba 193. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba njiani mbele ya nyumba hiyo, chenye jina Husen, ndilo alilotumia kule. Mwombeeni maghufira. Ni Muislamu mwenzenu, na aliyezungumza Kiswahili hiki hiki.

Wabillahi tawfiq.