Kijana, safari hii usije kusukuma gari

Ndugu msomaji, kijana wa Manzese, Buguruni, Tandika na Mbagala, leo tunazungumza na wewe. Vigogo wa chama tawala waache wapumue kidogo, wiki ijayo tutarudi kwao.

Jumanne iliyopita alikuja ofisini kwetu kijana mmoja muuza viatu vya mitumba. Alisimama mlangoni, akaamkia wote, kisha akamgeukia mzee wetu wa chumba cha habari: “Mzee, nataka kujitolea kwenye kampeni ya udiwani kwenye kata yetu. Sijawahi kufanya kazi hiyo. Nianzie wapi?” Mzee akafurahi, akamvutia kiti. Kabla hajakaa vizuri kijana akauliza swali la pili: “Fulana zinagawiwa lini?”

Tulicheka. Baadaye tukaona aibu, maana ni nani aliyemfundisha kwamba kampeni inaanza na fulana? Ni sisi. Vyama vyote, na chetu kikiwemo, vimewalea vijana wa mjini hivyo tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Kijana akija, anapewa bendera na filimbi, anapakiwa kwenye lori. Jioni anashushwa pale pale alipopakiwa, koo limekauka, na hakuna hata mmoja anayejua jina lake.

Kaka zenu wakubwa wanaukumbuka mwaka 1995. Augustine Mrema, mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, alikuwa akipita mitaani huku vijana wakilisukuma gari lake kwa mikono, wakiimba, jasho likiwatiririka. Mtu aliyeliona lile wimbi asingeamini kwamba mgombea huyo angeshindwa. Kura zilipohesabiwa alipata karibu asilimia 28, na Benjamin Mkapa karibu asilimia 62. Hapa Dar es Salaam ndiyo usiseme: uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifutwa baada ya vifaa kuchelewa, ukarudiwa tarehe 19 Novemba.

Mizengwe ya mwaka ule tunaijua na hatujaisahau. Lakini tuulizane sisi kwa sisi, kwa sauti ya chini: katika kila vijana 100 waliosukuma gari lile, wangapi walikuwa na shahada ya kupigia kura mfukoni? Wangapi walikuwa ndani ya kituo, kalamu mkononi, wakati masanduku yanafunguliwa? Mwaka uliofuata, 1996, Mrema huyo huyo aliingia kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge Temeke akashinda. Sisi tunaamini eneo dogo lina siri yake. Mitaa inahesabika, watu wanajuana, na anayetaka kufanya mchezo mchafu anajua kuna macho.

Ndiyo maana tunafurahi kijana yule alipotaja udiwani, wala hakutaja urais. Wengi wenu mnaudharau. Mnasema diwani ni mtu wa mitaro na takataka. Sawa, na ni mtaro wa nani unaofurika kila masika mpaka unalala na viatu juu ya meza? Madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri. Ndio wanaojadili ushuru wa soko unaotozwa na eneo ambalo machinga watapelekwa. Ndio wanaomchagua meya. Ule mgawo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya vikundi, ambamo vijana wana asilimia 4 yao, unapita kwenye mikono ya halmashauri hiyo hiyo. Ukiona vikundi vinavyopata ni vya watoto wa wakubwa tu, basi jua kuna diwani aliyesinzia kikaoni, au aliyekuwa macho sana.

Tunajua mtakavyotujibu vijiweni. “Kura ya nini, wakati matokeo yanajulikana kabla?” Hatutawaita wajinga kwa kusema hivyo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Tarehe 27 Novemba 2024 hadithi haikutofautiana sana. Na tarehe 29 Oktoba 2025 hakuna kijana wa jiji hili anayehitaji kusimuliwa: marufuku ya kutoka usiku, intaneti imezimwa, na watu waliotoka nyumbani hawakurudi. Nyumba zilizofiwa zipo katika mitaa yenu, mnazijua kuliko sisi. Mtu akikuambia baada ya hayo kwamba kila kitu ni shwari, njoo ukapige kampeni, mwangalie mara mbili.

Sisi hatusemi ni shwari. Tunasema hivi: dola ina askari, ina magari, ina redio. Sisi tunachoweza kuwazidi ni kuujua mtaa, na huo hatujaujua kama inavyopasa. Mgombea akienguliwa kwa hila, tupige kelele mpaka mbinguni. Lakini akienguliwa kwa sababu mdhamini wake mmoja hakujiandikisha katika kata hiyo, hila hapo iko wapi? Mgombea udiwani anatakiwa kudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 10 wa kata yake. Kumi tu! Ilibidi awepo kijana mmoja wa kuwafuata nyumbani, kutazama kadi zao, kulinganisha jina moja moja na daftari, herufi kwa herufi, kabla karatasi haijafika kwa msimamizi. Kijana huyo hakuwepo. Alikuwa kwenye lori na filimbi.

Basi jibu letu kwa swali la Jumanne ni hili. Anza na daftari la shule, lile la kurasa 40. Nenda ofisi ya chama ya kata, mwambie katibu akupe mtaa mmoja, na usikubali miwili. Ikiwezekana uwe mtaa wenu mwenyewe, kwa sababu ukisema uongo kwenu utaumbuka mapema. Pita nyumba kwa nyumba. Andika ni watu wangapi wamefika umri wa kupiga kura, wangapi wamejiandikisha, wangapi walihamia mwaka huu kutoka kata nyingine na hawajahamisha taarifa zao. Hapo utashangaa. Nyumba moja ya kupanga ya Tandale ina vyumba 9, na kila chumba kina kijana anayelalamikia serikali mpaka usiku wa manane, na kadi yake iko Kigoma kwa mama yake.

Na uwaeleze jambo ambalo hata viongozi wetu wengine hawalijui vizuri. Kadi ya mpiga kura ni ya rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa orodha nyingine kabisa, inayoandikwa upya mtaani. Mwaka 2019 ilikuwa hivyo, na mwaka 2024 ikawa hivyo. Wako watu waliokwenda kituoni na kadi nzuri inayong’aa wakarudishwa, wakadhani wameonewa.

Mlangoni usianze na ilani. Anza na shikamoo. Mama anayekaanga maandazi saa 12 asubuhi hana muda wa sera, ana mafuta yanayoungua. Muulize ushuru analipa kiasi gani na anapewa risiti au hapewi, andika, umwache afanye biashara. Ukimkuta mzee kavaa kofia ya kijani usibishane naye. Mwamkie, muulize habari za maji, andika. Mzee huyo ana wajukuu wanne ndani wanaosikiliza kama unamheshimu babu yao au humheshimu. Tumepoteza kura nyingi kwa midomo yetu wenyewe, ndugu zetu, kuliko tunavyopenda kukiri. Kijana mmoja anayemtukana mzee hadharani anafuta kazi ya wiki nzima.

Ukiulizwa “Umetuletea nini?”, jibu kwamba hujaleta kitu. Litakuwa swali gumu kuliko yote, maana watu wamezoezwa pilau, kanga na noti ya kubanwa kiganjani. Hiyo “takrima” iliwahi kuingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, kana kwamba rushwa ikibatizwa jina inakuwa ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Ilifutwa kwenye karatasi. Mtaani bado inatembea usiku na mfuko wa nailoni. Wewe ukijibu “sina kitu, nimekuja kuandika kero yako na Jumapili nitarudi”, halafu Jumapili ukarudi kweli, utaona mtu anavyokutazama.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Watu wote hutaka kuwa mlinzi wa mgombea, hakuna anayegombea kuwa wakala. Uwakala hauna sifa. Jina lako linapelekwa kwa maandishi kwa msimamizi siku saba kabla, unakula kiapo, unapewa barua, na barua hiyo usiiache nyumbani. Kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi, wewe uwe mlangoni kabla ya hapo ili uone sanduku likiwa tupu. Utakaa kwenye benchi mpaka saa 10 jioni, kisha ndipo kazi inaanza: kuhesabu. Usisaini fomu ya matokeo kabla hujalinganisha tarakimu na zile ulizoandika mwenyewe. Ukiona kasoro, dai fomu ya malalamiko, ijaze kwa mwandiko unaosomeka, na uondoke na nakala ya matokeo. Mwanasheria wa chama hawezi kupeleka mahakamani wimbo wa vijana 500. Karatasi moja anaweza.

Hapa tuna neno na viongozi wetu wa chama, na tunaomba wasilipite. Mnawaita mawakala wasaliti kwa sababu walinunuliwa kwa chipsi na soda. Wengine ni wasaliti kweli, mamluki wamo. Lakini wakala uliyempeleka kituoni alfajiri bila chai wala nauli, hukumtumia mtu wa kumuuliza kama amekula, ikifika saa 9 alasiri na mwenzake wa chama tawala anafungua sahani ya pili ya wali, unategemea awe malaika? Kijana akijitolea ametoa nguvu yake, hakusema ataishi kwa hewa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 haikatazi kumpa wakala wako chakula. Punguzeni gari moja la matarumbeta, mpike sufuria mbili.

Na msiwatume vijana kupigana. Mwenye kutaka ngumi apande mwenyewe jukwaani akaanze yeye na mwanawe. Kijana akikuambia chama kimemtuma achane mabango ya wenzake usiku, wewe msomaji kataa, hata kama anayekutuma ni mwenyekiti na ana kadi namba 1. Ukikamatwa utalala kituo cha polisi peke yako, na yeye simu yake itakuwa haipatikani. Tumeyaona.

Yule kijana wa viatu alikaa nasi karibu saa nzima. Alipoondoka alikuwa amekubali mtaa mmoja, nyumba 62 kwa hesabu yake ya haraka haraka, na alituambia nyumba tatu kati ya hizo hataingia kwa sababu anadaiwa. Tulimwambia aanzie hapo hapo, alipe hata kidogo, kisha ndipo aulize habari za kadi.

Ofisi za kata za chama hufunguliwa saa 11 jioni, watu wakitoka kazini. Njoo na kalamu yako, za katibu zimeshachukuliwa.