Panki na Metali: Wagomvi Waliosikizana

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa watu wazima, sisi walimu tukiwemo, kwamba muziki wa vijana ni kelele, na kwamba kelele zote ni mamoja. Mtu asiyezoea akiusikia muziki wa panki, kisha akausikia ule wa metali, aghalabu hataona tofauti. Atasikia magitaa yanayonguruma, ngoma zinazotwangwa kwa hasira, na mwimbaji anayepiga ukelele badala ya kuimba. Kumbe wenyewe kwa wenyewe, mashabiki wa aina hizi mbili za muziki walibaguana kwa muda mrefu kiasi kwamba kijana mwenye nywele ndefu aliweza kupigwa kwa kuingia katika ukumbi usio wake. Kisha, katika miaka ya 1980, walianza kusikilizana. Nia yangu katika makala haya ni kuchunguza jinsi jambo hilo lilivyotukia, na kuuliza kama lina funzo lolote kwa mwalimu na mwanafunzi wa humu nchini.

Tuanze na asili. Metali ilichipuka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath lilitoa albamu yake ya kwanza mwezi wa Februari mwaka 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa lake ili zisimwumize. Sauti nzito iliyopatikana ikawa msingi wa aina nzima ya muziki. Waliomfuata waliutukuza ufundi. Shabiki wa metali alitaka mpiga gitaa aliyefanya mazoezi miaka na mikaka, wimbo mrefu, na masimulizi ya vita, mauti na mazimwi.

Panki ilizuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, na ilikuja kwa nia ya kuupinga ufundi wenyewe. Albamu ya kwanza ya Ramones, iliyotoka mwaka 1976, ina nyimbo 14 ambazo zote kwa pamoja hazitimizi nusu saa. Wazo kuu la panki lilikuwa kwamba yeyote anaweza kupanda jukwaani. Hapakuhitajika fundi wala mwalimu. Kijana aliyejua kubana nyuzi kwa namna tatu tu alikuwa na haki ya kusema lililokuwa moyoni mwake kuhusu ukosefu wa kazi, polisi, na serikali.

Ni bayana basi kwamba uadui wao ulihusu mambo mazito kuliko nywele na mavazi. Wa panki alimwona mwenzake wa metali kuwa mtu anayeabudu mafundi na kukimbilia ngano za kale ilhali nyumba inaungua. Wa metali naye alimwona mwenzake kuwa mvivu asiyejua ala anayoishika. Mwaka 1978, Ramones walipotumbuiza California kabla ya Black Sabbath kupanda jukwaani, hadhira iliyokuja kumwona Iommi iliwatupia vitu vya kila aina. Hata hivyo, wengi wa vijana hao, hasa kule Uingereza, walikuwa watoto wa tabaka moja, waliolelewa katika mitaa ile ile iliyopoteza viwanda vile vile.

Ni nini kilichowapatanisha? Jibu la kwanza ni kwamba daima kuna watu wa mpakani. Katika isimu tunawafahamu vyema. Ni wale wanaoishi baina ya lugha mbili, wakazinena zote, hata wasitambue kwamba wanavuka mpaka. Mtu wa namna hiyo alikuwa Lemmy, aliyeunda kundi la Motörhead mwaka 1975. Alikuwa na nywele ndefu na sauti nzito ya metali, lakini alipiga kwa kasi na ukavu wa panki. Mwaka 1978 alipiga gitaa la besi pamoja na The Damned, kundi la panki, na mwaka 1991 Motörhead walitoa wimbo mzima wa kuwasifu Ramones. Mashabiki wa pande zote mbili walikutana katika kumbi alikopiga, na aghalabu hapo ndipo walipotazamana kwa mara ya kwanza bila ya ngumi.

Jibu la pili ni ukopaji, na hapa napenda msomaji aniwie radhi nikizungumza lugha ya taaluma yangu. Lugha hukopa kile isichokuwa nacho. Kiswahili kilichukua meza na gereza kutoka kwa Mreno, na maelfu ya maneno kutoka kwa Mwarabu, lakini ngeli zake zikabaki za Kibantu. Msamiati uliingia, nayo sarufi ikasimama. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa miziki hii. Kundi la Discharge la Stoke-on-Trent lilitoa albamu mwaka 1982 iliyokuwa panki kwa maudhui, kwani ililia juu ya vita vya nyuklia, lakini gitaa lake lilikuwa na uzito wa chuma na ngoma zake zilikwenda mbio kupita kiasi. Vijana wa metali ng'ambo ya Atlantiki waliisikia. Metallica, kundi la California, waliichukua kasi hiyo wakaifunga katika ufundi wao wenyewe, na mwaka 1998 wakarekodi upya nyimbo mbili za Discharge kama watu wanaolipa deni hadharani. Mpiga besi wao, Cliff Burton, aliyefariki katika ajali ya basi nchini Sweden mwaka 1986, alikuwa mpenzi mkubwa wa kundi la panki la Misfits. Mwaka uliofuata wenzake walirekodi nyimbo za kundi hilo.

Biashara hiyo haikuwa ya upande mmoja. Wakati metali ilipokuwa ikikopa mbio kutoka kwa panki, panki ilikuwa ikikopa uzito na taratibu kutoka kwa metali. Black Flag, kundi la panki la California, lilitoa albamu mwaka 1984 ambayo upande wake wa pili ulikuwa na nyimbo ndefu, nzito, za mwendo wa konokono, zilizodhihirisha kwamba waliotunga walikuwa wamemsikiliza Iommi kwa makini. Mashabiki wengi walikasirika. D.R.I. nao, kundi lililoanzia Houston mwaka 1982, walianza kwa kusukuma nyimbo 22 katika sahani moja ndogo. Miaka mitano baadaye walikuwa na nyimbo ndefu na gitaa zito, na albamu yao ya mwaka 1987 ilibeba jina lenye maana ya kuvuka. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la mtindo mzima: krosova.

Jibu la tatu ni mnyonge kukutana na mnyonge. Mwezi wa Septemba mwaka 1985, Seneti ya Marekani iliketi kusikiza malalamiko ya wazazi kuhusu maneno ya nyimbo, na miongoni mwa walioitwa kujitetea alikuwa Dee Snider wa kundi la metali la Twisted Sister. Mwaka uliofuata, Jello Biafra wa kundi la panki la Dead Kennedys alishtakiwa Los Angeles kwa sababu ya picha iliyotiwa ndani ya albamu. Baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana mwaka 1987 na kesi ikatupiliwa mbali. Kwa mshtaki, wawili hawa walikuwa mtu mmoja. Walioshtakiwa hawakukosa kuliona hilo.

Lakini nisingependa turidhike na jibu hili la tatu. Adui wa pamoja huwakutanisha watu mlangoni, wala hawaketishi pamoja. Kilichowaketisha vijana hawa ni kazi ndogo ndogo ya kila siku. Walitumiana kanda kwa posta, kila mmoja akimrekodia mwenzake nyimbo asizozijua. Walichapisha vijarida vyao wenyewe kwa mashine za kunakili. Walikwenda katika ukumbi wa CBGB jijini New York siku za Jumapili alasiri, au katika baa ya Mermaid mjini Birmingham, ambako Napalm Death, kundi lililozaliwa katika panki, liliukuza mtindo uliokuwa na kasi ya kupindukia hivi kwamba mmoja wa nyimbo zao unadumu kwa takriban sekunde moja. Ilibidi mtu asikilize kitu ambacho rafiki zake walikuwa wamemwambia ni takataka, kisha akiri kwamba kilimgusa. Kwa kijana wa miaka 16 hilo ni jambo gumu.

Watakuwepo watakaosema kwamba mchanganyiko huo uliua vitu viwili vizuri ili kuzaa kimoja hafifu. Hoja hii haifai kupuuzwa. Waliolalamika hawakuwa wajinga. Baadhi ya makundi ya panki yalipopata ufundi yalipoteza hamu ya kusema lolote kuhusu dunia. Hata hivyo, waasisi hawakufutika. Ramones waliendelea kupiga nyimbo fupi hadi walipoagana na mashabiki mwaka 1996, nao Black Sabbath walirejea Birmingham mwaka 2025 kuaga jukwaani. Mkopaji hakumfilisi mkopeshaji.

Pingamizi linalonitatiza zaidi ni jingine. Mwaka 1985, wanamuziki wa metali wa New York waliungana na mwimbaji wa panki wakaunda S.O.D., na albamu yao inahesabiwa miongoni mwa nguzo za krosova. Jina la albamu hiyo, kwa Kiswahili, ni amri: sema Kiingereza au ufe. Wenyewe walisema ni mzaha. Msomaji wa Kenya, ambaye yeye au mzazi wake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kunena lugha ya mama, jambo ambalo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza kinagaubaga mwaka 1986, ana haki ya kutocheka. Watu wawili waliokuwa wamejifunza kusikilizana walimfungia wa tatu mlango kwa kicheko. Hapa tunaona kwamba kuvuka mpaka mmoja hakumfanyi mtu awe mvukaji wa mipaka yote. Kila mpaka una kazi yake, na kila mara kazi hiyo huanza upya.

Je, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwanza kwa sababu muziki huu uko nasi. Nairobi ina vijana wake wa metali na wa panki. Kundi la Crystal Axis limetunga wimbo wa panki kuhusu Jumba la Nyayo na mateso yaliyotendeka humo. Mwaka 2020, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wakiwa wamechanganya metali, kasi ya akina Napalm Death na mitambo ya elektroniki. Walijiita Duma. Msomaji wa Kiswahili atadhani ni yule mnyama mwenye mbio, kumbe wao walikusudia neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Mambo yote mawili yanaufaa muziki wao.

Yanatuhusu pili kwa sababu tuna historia ya kuhukumu kabla ya kusikia. Mwaka 1994 serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa wazi mwaka 1999. Hofu ya enzi hiyo ilifika hadi mabwenini. Kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu hakuulizwa anasikiliza nini, bali aliulizwa amejiunga na nani. Hata sasa, mwalimu anayemsuta mwanafunzi kwa sababu ya muziki wake huenda asiweze kutaja kundi moja, wala kueleza wimbo mmoja unasema nini. Mwanafunzi naye si malaika. Anayependa gengetone humcheka anayependa nyimbo za kwaya, na wote wawili humcheka babu anayesikiliza benga.

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji fedha. Mwalimu wa lugha au wa muziki amwagize kila mwanafunzi achague wimbo wa aina asiyoipenda, ausikilize mara tatu, kisha aandike ukurasa mmoja akiueleza bila ya kuuhukumu: ni ala gani zinasikika, mapigo yanakwenda vipi, maneno yanazungumzia nini, na anayeupenda huupendea nini. Mwalimu mwenyewe naye afanye zoezi hilo, na achaguliwe wimbo na wanafunzi wake. Hakuna atakayelazimishwa kuupenda. Shabiki wa Discharge hakuacha kuwa shabiki wa panki kwa kuisikia Metallica.

Kiswahili kina neno linalotufaa. Tukisema watu fulani wanasikilizana, tunamaanisha kwamba wanaelewana na kuishi kwa amani. Lugha yetu iliona zamani kwamba maelewano huanzia masikioni. Vijana wa Birmingham na California walilifikia jambo hilo kwa kanda za posta, baada ya miaka mingi ya matusi na makonde. Wetu wanaketi dawati moja, na simu moja hubeba nyimbo nyingi kuliko maktaba nzima ya kanda za wakati ule. Kilichobaki ni mtu kumpa mwenzake sikio, na mwalimu ndiye anayefaa kutangulia.