Bahati Isigeuzwe Mtego

Mvuvi wa Kibirizi au Katonga hahitaji kufundishwa maana ya kubahatisha. Kila usiku wa giza anapowasha taa na kuelekea majini kutafuta dagaa, anajua kwamba Ziwa Tanganyika linaweza kumpa au kumnyima. Lakini ziwa halibadilishi masharti yake usiku wa manane, wala halimfichi mvuvi hesabu ya alichokivua. Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya michezo ya kubahatisha inayoendeshwa na binadamu inakosa hata uadilifu huo. Leo tunapenda kuwakumbusha wananchi na viongozi wetu juu ya hatari hiyo.

Kwanza tuseme wazi kwamba michezo hii inaruhusiwa na sheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya kutoa leseni na kusimamia kasino, mashine za sarafu, bahati nasibu na ubashiri wa matokeo ya mpira. Hata katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, lililosisitiza kwamba msingi wa maendeleo ni watu na juhudi zao za kazi, wala si fedha, Serikali yenyewe iliendesha Bahati Nasibu ya Taifa. Kwa hiyo hatuandiki hapa kudai kwamba mchezo wa bahati ni jambo geni lililotushukia jana. Tunachouliza ni hiki: nani anamchunga yule aliyeshika mfuko wa fedha?

Tuchukue mfano wa mchezo wa karata uitwao poka. Katika kasino, na siku hizi hata katika simu ya mkononi, huandaliwa mashindano madogo ya kufuzu. Mchezaji hulipa kiingilio kidogo, na anayeshinda hapewi fedha taslimu bali hupewa kiti katika shindano kubwa ambalo kiingilio chake hakukimudu. Mwaka ule ule wa 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, alilipa dola 86 katika shindano la kufuzu, akapata kiti chenye thamani ya dola 10,000 huko Las Vegas, na mwisho akaondoka na dola milioni 2.5. Habari hiyo ilienea duniani kote na kuwatia watu wengi tamaa. Ambalo halikusimuliwa sana ni kwamba katika shindano hilo waliketi watu 839, na bingwa alikuwa mmoja tu.

Mpango wa namna hiyo si ulaghai kwa asili yake. Ukiendeshwa kwa uaminifu, kila mtu anajua anachonunua. Ukiendeshwa ovyo, hugeuka mtego, na njia ya kuutambua ni hesabu ya kawaida. Tuseme watu 20 wamelipa shilingi 50,000 kila mmoja. Zimekusanywa shilingi 1,000,000. Kama kiti cha shindano kubwa ni shilingi 500,000, wachezaji wanatarajia viti viwili. Lakini mwenye kasino akikata asilimia 10 ya gharama zake, zinabaki shilingi 900,000, yaani kiti kimoja na shilingi 400,000. Hizo 400,000 ni za nani? Kama jibu halikubandikwa ukutani kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, basi tayari zimekwisha kupata mwenyewe, na mwenyewe huyo si mchezaji.

Kasoro nyingine ni za aina hiyo hiyo. Shindano lililotangazwa kuanza saa mbili usiku huanza saa nne, kisha dau la lazima hupandishwa harakaharaka ili ukumbi ufungwe mapema, na mtu aliyelipia mchezo wa akili akajikuta amelipia mchezo wa kurusha shilingi. Wachezaji wapya huruhusiwa kuingia baada ya idadi ya viti kutangazwa. Marafiki wawili huketishwa meza moja wakapitishiana mali. Mgawaji karata asiyefundishwa hukosea, na hakuna msimamizi wa kuamua. Aliyeshinda naye huambiwa baadaye kwamba kiti chake hakiuziki, hakihamishiki, na nauli ni juu yake mwenyewe.

Huenda msomaji wa Mwanga au Ujiji akasema kwamba mambo ya poka hayamhusu, kwa kuwa hajawahi kuketi katika meza hiyo. Tunamwomba atazame karibu zaidi. Mashine ya sarafu ambayo vijana huiita dubwi haihitaji kasino. Inatosha kibaraza cha duka. Nayo humeza sarafu ya mtu bila kumwambia katika kila shilingi mia inarudisha ngapi. Tikiti ya kubashiri mpira nayo ina masharti yake, na mara nyingi mtu huyasoma baada ya kushindwa. Ugonjwa ni ule ule wa poka: fedha hupokelewa kwanza, masharti hufuata nyuma.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika mwambao wetu kwa sababu ya namna kipato chetu kinavyokuja. Mvuvi hapati mshahara wa kila mwezi. Hupata mgawo wake giza linapoisha, na mbalamwezi inapong'aa hukaa nchi kavu akiwa na fedha mfukoni na muda mikononi. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika ziwa lote zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilikuwa na manufaa kwa ziwa, lakini ilituonyesha pia jinsi akiba ya nyumba ilivyo kitu cha kulindwa. Mtu asiye na mapato kwa miezi mitatu ni mwepesi kuamini kwamba sarafu moja itamrudishia yote.

Ndugu zetu wa Visiwani, ambao tangu enzi za misafara wana udugu na Ujiji, nao wasidhani kuwa haya ni ya Bara peke yake. Ni kweli kwamba sheria ya 2003 ni ya Tanzania Bara, na kwamba michezo ya kubahatisha si jambo la Muungano. Lakini simu haiulizi mkondo wa bahari. Kijana aliyeko Unguja au Pemba anaweza kuweka dau lake mahali pale pale anapoweka kijana wa Kigoma. Inafaa basi wasimamizi wa pande zote mbili wazungumze, ili asiwepo mwananchi anayepoteza fedha upande mmoja na kukosa mlango wa kulalamika upande wa pili.

Wapo watakaosema kwamba mcheza kamari ameyataka mwenyewe. Wapo pia wanaoipinga kamari kwa imani ya dini, nasi tunauheshimu msimamo wao. Lakini anayenunua dagaa mwaloni naye hakulazimishwa na mtu, na bado mizani hukaguliwa. Mizani haikaguliwi kwa sababu mnunuzi ni mtoto, bali kwa sababu muuzaji ndiye anayeishika. Majirani zetu wameyashughulikia haya kwa njia zao: Uganda, kwa sheria ya 2016, iliwakataza wenye umri chini ya miaka 25, na Kenya mwaka 2019 ilizizuilia leseni kampuni 27 za ubashiri katika mvutano wa kodi. Kwetu umri ni miaka 18. Hata hivyo umri na kodi peke yake haviifanyi mizani iliyopinda iwe sawa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Masharti ya kila mchezo yabandikwe kwa Kiswahili pale pale fedha zinapopokelewa. Katika kila shindano itangazwe hadharani ni kiasi gani kimekusanywa, mwenyeji amekata ngapi na zawadi ni ngapi. Manispaa ya Kigoma Ujiji na halmashauri za mwambao ziwe na afisa anayejulikana wa kupokea malalamiko, maana mtu wa Kibirizi hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli hadi Dar es Salaam kudai shilingi 50,000. Na mashine yoyote isiyo na leseni, au inayochezewa na watoto, iondolewe barazani bila kungoja viongozi waje kutembelea.

Serikali inapokea kodi ya michezo hii. Anayepokea kodi ya soko hana budi kukagua mizani ya soko hilo. Nasi wananchi tujiwekee desturi moja: mtu akishindwa kutueleza masharti kabla ya kupokea fedha zetu, fedha hizo zibaki mfukoni.